L ya Rori

Mgeni aliyetoka chuo cha Kitale alichora ngazi ubaoni. Sisi walimu wa chekechea tulikuwa tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, katika shule moja ya msingi mjini Bungoma. Chini kabisa ya ngazi akaandika cheti, juu yake diploma, na juu ya diploma akaandika digrii kwa herufi kubwa, kisha akapangusa chaki mikononi na kututazama kama mtu aliyeleta nyama.

Alisema siku hizi kusoma si lazima kuwe kwa mkupuo mmoja. Ukifaulu kitu hapa chini, umekifaulu. Hakirudiwi. Kinawekwa chini yako nawe unasimama juu yake kupanda kingine, hata kama umepumzika katikati ukazaa, ukalima, ukauguza mtu. Alisema ngazi ile ilichongwa hasa kwa ajili ya watu kama sisi, tuliotoka shule kabla ya wakati, wenye watoto, wenye umri ambao hakuna darasa linalotungoja.

Mimi si mtu wa kuamini upesi, na mdomo wangu haujawahi kuninyima neno. Nikamuuliza kama ngazi hiyo imewahi kupandwa na mtu aliyevaa leso. Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Mama, panda wewe, halafu uwaambie." Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeshaamua.

Mimi niliacha shule nikiwa kidato cha tatu, kwa sababu ambayo sasa ni mwanamume mwenye ndevu anayefanya kazi ya mjengo. Niliolewa upande wa Endebess. Mume wangu akaondoka kwenda kutafuta kazi, akaipata, pamoja na mke mwingine. Nikarudi kwa mama, karibu na Sirisia, na watoto wawili. Shule ya jirani ilikuwa inataka mtu wa kukaa na watoto wa chekechea, nikakaa nao. Nilikuwa nimeajiriwa na wazazi, maana yake ni kwamba nilikuwa nalipwa mahindi yakiuzwa, na mahindi yakiharibika tuliharibika wote. Lakini kazi niliipenda. Sitaona haya kusema niliipenda. Mtoto anaingia hajui kushika penseli, na kabla ya mwaka kwisha anaandika jina lake kwenye mchanga, kwenye mlango wa choo, kwenye shati la mwenzake. Mimi ndiye niliyefanya hivyo.

Cheti nilikuwa nacho tayari. Nilikipata kwa kusoma wakati wa likizo katika chuo kidogo mjini Bungoma. Kaunti ilipoanza kuajiri walimu wa chekechea kwa barua, wa kudumu, wenye mshahara unaojulikana na matibabu, cheti peke yake hakikutosha tena. Ilitakiwa diploma. Kwa hiyo kila likizo nikawa namwachia mama watoto na ng'ombe, naenda Kitale. Kwa kuwa nilikuwa na cheti, nilisamehewa masomo yote ya mwanzo nikaanzia katikati. Yule mgeni hakuwa amedanganya. Nilifurahi hata nikamtetea mbele ya watu.

Chuoni tulikuwa kikundi cha wamama katikati ya watoto waliomaliza shule juzi. Walituita mathe. "Mathe, niaje, umefanya assignment?" Walikuwa wanakopi kazi zetu bila haya, halafu wakitufundisha jinsi ya kutuma kazi hizo kwa simu, kwa hiyo tulikuwa sawa. Chumba nilikodi pamoja na mwanamke kutoka Cheptais, mwalimu wa chekechea kama mimi, mkulima wa viazi, mcheshi kuliko mtu yeyote niliyewahi kulala naye chumba kimoja. Alikuwa anasoma kwa sauti akimenya viazi, na akifika mahali pagumu anakirushia kitabu ganda.

Yeye ndiye aliyeanguka kwanza. Walipoanza kukagua vyeti vya chini, chuo kilichompa chake kilikuwa kimefungwa zamani, jengo likageuzwa kuwa duka la pembejeo. Hakukuwa na mtu wa kujibu barua na kusema ndiyo, huyu alisoma kwetu. Wakamwambia aanze upya, tangu chini. Alikaa kitandani akinitazama huku nikimtafutia maneno, kisha akasema, "Wacha, bana. Viazi haziulizi." Alifungasha vitu vyake asubuhi. Tulipigiana simu kwa muda, halafu hatukupigiana tena, kwa kuwa kila nilipomwambia habari za chuo nilikuwa namuumiza.

Zamu yangu ilifika nilipokuwa nimebakiza mazoezi ya kufundisha tu. Niliitwa ofisini. Karani alikuwa kijana mpole, na aliigeuza kompyuta ili nami nione. Kitambulisho changu na masomo yangu yote ya Kitale yalikuwa na jina langu kwa L. Cheti changu cha Bungoma kilikuwa na jina hilo hilo kwa R.

"Sasa wewe ni yupi, mama?" akauliza.

"Ni mimi."

"Yupi?"

Kwenye kompyuta tulikuwa wanawake wawili. Mmoja alikuwa na msingi bila nyumba, mwingine nyumba bila msingi. Yule wa R alipata cheti na hakuendelea. Yule wa L alikuwa ametokea katikati ya diploma bila kupita chini, na mtu wa namna hiyo haruhusiwi kumaliza.

Wasiotoka kwetu lazima niwaeleze. Jina langu ni la wasichana waliozaliwa wakati wa palizi. Si siri na si la ajabu. Ukisimama sokoni Sirisia ukaliita kwa nguvu, nusu ya wauza mboga watageuka. Katikati yake kuna herufi moja ambayo vinywa vyetu haviiwekei mpaka. Mama yangu huniita kwa R akiwa mbali na kwa L akiwa karibu, au kinyume chake, sijawahi kuangalia. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuangalia. Lori tunaliita rori na redio wengine wanaiita ledio, na mzigo unafika na habari zinasikika.

Nakumbuka hata siku yenyewe. Nilipokuwa najiandikisha kwa cheti, stima ilikuwa imepotea, mashine ya fotokopi imelala, na karani aliyekuwa anaandika majina hakuwa mtu wa kwetu. Nyuma yangu palikuwa na foleni inayosonya. Alisema nitaleta kopi ya kitambulisho baadaye, kwa sasa nitaje jina. Nikalitaja. Akasimamisha kalamu. "L ya lori ama R ya redio?"

Nikamjibu kwa heshima na kwa sauti, nikitaka foleni yote isikie kwamba najua kusoma.

"Ya rori."

Akaandika R. Ningekuwa mimi ndiye karani ningeandika hiyo hiyo. Kopi niliipeleka baadaye, ikatiwa ndani ya faili, hakuna aliyefungua kulinganisha, na cheti kilipotoka nililitazama jina langu nikaona ni jina langu. Mimi, mwalimu wa herufi. Nililitazama na sikuona kitu.

Nilianza kukimbia. Ilibidi nipate hati ya kiapo kwa wakili, kisha tangazo katika gazeti rasmi la serikali, kisha barua kutoka chuo cha kwanza kukubali kwamba wao walimsomesha huyu wakadhani ni yule. Wakili alikuwa na ofisi karibu na mahakama ya Bungoma, mzee wa kwetu kabisa. Aliandika kwamba mimi, ninayeitwa hivi, ndiye pia ninayeitwa hivi, na kwamba watu hawa wawili ni mtu mmoja. Halafu akanisomea kwa sauti nisikie kama iko sawa. Akayasoma majina yote mawili kwa mdomo wake, na yakatoka jina moja, mara mbili. Tukatazamana. Tulicheka mpaka msichana wa mapokezi akachungulia mlangoni.

Katika jambo lile lote hicho ndicho kicheko ninachokikumbuka. Kaunti iliita walimu kwa mahojiano wakati karatasi zangu zikiwa bado zinangoja gazeti, na mimi sikuwa na diploma ya kuonyesha. Nilisimama nje ya uzio wa ofisi za kaunti nikawaona wenzangu niliosoma nao wakiingia, wengine niliowasaidia kazi zao, wakiwa wamevaa sketi zilizopigwa pasi. Nilikuwa na hasira mpaka nikasikia ladha yake mdomoni. Nilikichukia kinywa changu, na vinywa vya watu wetu wote. Nikawa nafanya mazoezi nikikamua ng'ombe, la, ra, la, ra, mwanamke mzima, ng'ombe akigeuka kunitazama.

Mwishowe wanawake wale wawili wakaunganishwa. Nilichagua L, kwa sababu ndiyo ya kitambulisho, na R ikafutwa kila mahali kana kwamba haikuwahi kuzaliwa. Nilimaliza mazoezi, nikapewa diploma. Mama aliishika kwa ncha za vidole akaogopa kuiweka mezani. Mara ya pili kaunti ilipoita, niliingia ndani ya uzio kwa sketi yangu iliyopigwa pasi. Waliniuliza maswali, nikayajibu. Walikuwa na nafasi chache na sisi tulikuwa wengi, lakini nilitoka nikijua kwamba nimejibu vizuri. Niliwaambia habari za mtoto anayekataa kuongea na jinsi ya kumkalisha karibu na mtoto anayeongea sana, na mmoja wao akaacha kuandika akanisikiliza.

Majina yalitoka kwenye simu za watu Jumamosi. Simu yangu haikuwa na chaji, na hata ingekuwa nayo, siku hiyo nilikuwa shambani. Jumapili, baada ya mahubiri, mzee wa kanisa alisimama na matangazo. Alisema Mungu amekumbuka eneo letu, kwamba kuna watoto wa kanisa hili waliochukuliwa na kaunti, na akainua simu yake karibu na macho akaanza kusoma. Alisoma kila jina mara mbili, jina la ubatizo na jina la nyumbani, bila la baba. La tatu lilikuwa langu.

Sijui nieleze vipi. Wanawake walipiga vigelegele. Mama, ambaye magoti yake humchukua muda kuyakunja na kuyakunjua, alikuwa amesimama kabla yangu. Alikwenda mbele ya kanisa bila kuitwa, akacheza pale mbele ya madhabahu na leso kichwani imelegea, na mchungaji akamwacha acheze. Nililia mbele za watu. Nilikuwa nimefika pale juu, kwenye ngazi ya yule mgeni, na mama alikuwa anaonekana na kila mtu.

Jogoo mkubwa alichinjwa siku hiyo. Jumatatu mwalimu mkuu alinipa mkono mbele ya watoto. Wazazi wa kamati walikuja, wakanishukuru, wakasema hawawezi kuacha darasa bila mtu, na kwamba kuna msichana aliyemaliza cheti anayeweza kuanza mara moja. Niliona ni sawa. Nilimkabidhi darasa mwenyewe. Nilimwonyesha chaki ilipo, mtoto anayekojoa akiogopa, na yule anayekula udongo.

Siku ya kuchukua barua nilifika ofisini Bungoma mapema. Tulikaa kwenye benchi ndani ya ukumbi, na mwanamume mwenye miwani akawa anaita kutoka kwenye orodha. Mtu akiitwa anakwenda mezani, anaonyesha kitambulisho, anatia sahihi. Likaitwa jina langu.

Nikasema, "Mimi." Na nyuma yangu mtu mwingine akasema, "Mimi."

Alikuwa mwanamke wa rika langu, mnene kidogo, amevaa sweta ya kijani. Tulifika mezani pamoja. Mwanamume mwenye miwani aliomba vitambulisho vyote viwili, akaviweka sambamba na orodha, akapitisha kidole polepole. Jina letu la ubatizo lilikuwa moja. Jina la nyumbani lilikuwa moja, isipokuwa pale katikati. Jina la baba lilikuwa tofauti, na kwenye orodha yake, ambayo haikuwa ile iliyosomwa kanisani, majina ya baba yalikuwapo.

"Hapa ni R," akasema. Alinirudishia kitambulisho changu. Hakusema kwa ubaya. "Pole, mama. Wewe ni L. Haumo."

Nilimwomba aangalie tena. Akaangalia tena, karatasi yote, juu mpaka chini, akinionyesha kwa kidole ili nisome naye. Nilisoma. Sasa nilikuwa nimejifunza kuiona tofauti hiyo hata kwa mbali.

Yule mwanamke alinikuta nje. Alikuwa na bahasha yake lakini ameishika nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyechukua kitu. Alitaka kuongea nami na hakujua aanzie wapi. Mwishowe akaniuliza kama nami nilizaliwa wakati wa palizi. Nikasema ndiyo. Akasema hata yeye, alizaliwa shambani kabisa, uchungu ulimshika mama yake kabla hajafika nyumbani. Nilitaka kumchukia na sikupata pa kushika. Nilimwambia hongera. Nilimwambia kweli kweli, kisha nikaondoka haraka kabla sijaongeza neno lingine.

Shuleni, msichana mpya alikuwa ameshazoea. Mwalimu mkuu alikunja uso kwa huzuni ya kweli, akasema kamati imeshamwandikia barua ya kazi, na kumfukuza mtu asiye na kosa ni vigumu. Nikasema naelewa. Baada ya wiki chache mpishi wa uji alihamia kwa mwanawe, na mwalimu mkuu akaniuliza, akitazama pembeni, kama ningependa kushika kazi hiyo mpaka kaunti iite tena. Nilimjibu vibaya siku hiyo. Kesho yake nilirudi nikasema nitaishika.

Kumwambia mama ndiyo kazi iliyonishinda. Nilimkalisha jioni ile ile niliyotoka Bungoma nikamweleza kila kitu. Alisikiliza akichambua maharagwe.

"Lakini walisoma jina lako," akasema.

"Lilikuwa la mwingine, mama. Lake liko hivi." Nikalitaja. "Langu liko hivi." Nikalitaja.

Alinitazama, akingoja niendelee. Nikarudia, nikivuta ile herufi, ulimi nikiuonyesha ulipo, kama nilivyowafanyia watoto wadogo miaka yote. Naye akayatamka yote mawili baada yangu, kwa uangalifu, na yakatoka sawa.

"Ni moja hiyo," akasema. "Ni wewe. Nilisikia na masikio yangu."

Nimejaribu tena mara nyingi. Nimeandika kwa mkaa sakafuni, lakini mama hajui kusoma, na masikio yake hayana mahali pa kuiweka tofauti hiyo. Nimekasirika, nimepaza sauti, nikaona aibu. Kwake yeye hakuna wanawake wawili. Kuna binti yake aliyesoma akiwa mtu mzima, jina lake likasomwa kanisani, na kuna watu wa ofisi wanaokawia kumwita. Mwishowe nikaacha.

Asubuhi naondoka wakati ule ule niliokuwa naondoka zamani, kwa sababu uji lazima uwe tayari kabla ya mapumziko. Eproni naikunja ndani ya mkoba. Mama huwa amekaa nje kwenye jua, na akimwona mtu yeyote akipita barabarani anamwita ili anitazame.

"Mwalimu wa serikali huyo," anawaambia. "Anaenda kazini."

Wengi wao wanajua. Wananiamkia kwa heshima, mwalimu habari ya asubuhi, nami naitikia.